Mvua za vuli na mavuno ya mboga: jinsi ya kuokoa mazao kwenye shamba dogo la wanachama

Hii nawaandikia hasa ndugu zetu walioko kaskazini mashariki mwa Marekani, majimbo ya Maine, Vermont, New Hampshire na Massachusetts, wale waliopata kieneo cha ekari moja au mbili na wanauza mboga kwa mtindo wa wanachama, yaani watu wanalipa pesa mapema kabla msimu haujaanza alafu kila wiki wanakuja kuchukua boksi lao. Tupo wengi siku hizi. Lewiston, Maine, kuna New Roots, ushirika ulioanzishwa 2016 na wakulima Wabantu wa Somalia, Burlington, Vermont, watu wanalima kwenye bonde la mto Winooski, na kwenye masoko ya huku ukizunguka hukosi mchicha, nyanya chungu na majani ya maboga yaliyolimwa hapahapa. Kulima tunajua, wengi tumekulia shambani. Kinachotusumbua ni vuli ya huku, yaani Septemba, Oktoba na Novemba, maana nyumbani mvua ikija ndo unapanda, huku mvua inakukuta mazao yote yako tayari kutoka, siku zinafupika, jua halina tena nguvu ya kukausha kitu na baridi ya barafu inakaribia.

Kitu kikubwa nachotaka ushike ni hiki: vuli ikiwa ya mvua usipange mavuno kwa kuangalia boksi la wiki hii linahitaji nini, panga kwa kuangalia zao gani litaharibika kwanza likiendelea kukaa nje na zao gani likiingia stoo likiwa limelowa litaoza. Boksi la wiki utalijaza tu, siku zote kuna kitu cha kuweka. Ila kiazi kitamu kilichokaa kwenye maji hata siku chache tu kinaweza kukuozea Desemba ndani ya stoo, wakati ulishawaahidi watu boksi la Krismasi.

Kabla mvua haijafika

Kila asubuhi fungua weather.gov, weka jina la mji wako, ni bure na ni ya serikali. Usiangalie mvua inakuja lini tu, angalia pia baada ya mvua kuna siku ngapi kavu, maana huku Oktoba shamba likilowa vizuri linaweza kuchukua wiki nzima au zaidi kurudi katika hali ya kuingilika. Ukiona siku mbili tatu kavu alafu mvua kubwa nyuma yake, hizo siku ndo mali yako yote, acha palizi, acha kufunga kamba, acha hata mkutano wa kanisani kama unaweza, ita watoto na jirani muingie shambani.

Mpangilio wangu uko hivi. Nyanya zinatoka kwanza kwa sababu mvua kubwa inapasua nyanya zilizoiva, mizizi inavuta maji mengi kwa haraka na ganda haliwezi kutanuka kwa kasi hiyo. Chuma kila nyanya iliyoanza kubadilika rangi hata kama ni kidogo tu chini kwenye kitako, zitandaze ndani tabaka moja kwenye joto la nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi (65 hadi 70 za Farenhaiti) zitaiva zenyewe, na usiziweke kwenye friji. Ukiona kwenye majani mabaka ya kahawia yanayoonekana kama yamemwagiwa mafuta, na asubuhi yenye unyevu ukigeuza jani unakuta ukungu mweupe chini yake, huo ndio ule ugonjwa wa bakajani chelewa, mwaka 2009 ulisambaa kaskazini mashariki yote ya Marekani ukamaliza nyanya na viazi vya watu. Unapenda baridi na unyevu na mbegu zake zinasafiri na upepo, kwahiyo mimea hiyo ing'oe, itie kwenye mifuko na iondoke shambani siku hiyohiyo, alafu wapigie simu majirani wanaolima.

Kinachofuata ni viazi vitamu, na hapa naomba usome taratibu. Kiazi kitamu kikikaa kwenye udongo uliojaa maji kinakosa hewa, na ubaya wake ni kwamba ukikichimba kinaonekana kizima kabisa, kuoza kunaanza baadaye. Pia hakipendi baridi, udongo ukishuka chini ya nyuzi 13 (55 za Farenhaiti) anza kuwa na wasiwasi, na kikishachimbwa usikiache shambani usiku kama hewa itashuka chini ya nyuzi 10 (50). Ndio maana ukiwa na udongo mkavu mwisho wa Septemba chimba hata kama bado vingekua kidogo. Kabla ya kuchimba kata majani, na matembele hayo usiyatupe, weka kwenye mafungu uwape wanachama, Wakongo, Warundi na Watanzania watakushukuru na Wamarekani wengi ukiwaelekeza kuyapika na kitunguu na karanga wanaomba tena. Barafu moja tu ya alfajiri na majani yote yanakuwa meusi, kwahiyo hii ni zawadi ya siku chache.

Vikishatoka havioshwi. Vinakaa kwanza kwenye joto ili majeraha ya jembe yajifunge na sukari ipande, nyuzi 27 hadi 30 (80 hadi 85) na hewa yenye unyevunyevu, siku tano hadi wiki au kidogo zaidi. Wenye mashamba makubwa wana vyumba maalumu, sisi tunaweza kutumia kachumba kadogo ndani ya nyumba, panga kreti, weka hita ya umeme mbali na plastiki na turubai, weka ndoo ya maji pana ili hewa isikauke, weka na kipimajoto ukitazame asubuhi na jioni. Baada ya hapo vihamie sehemu ya nyuzi 13 hadi 15 (55 hadi 60), kabati au chumba kisicho na hita kinatosha. Tafadhali usivitie kwenye chumba baridi pamoja na karoti, baridi inaviharibu kabisa, ndani vinabaki vigumu hata ukivichemsha.

Maboga yanafuata, haya ya kutunza, kina butternut na wenzake. Kata na kikonyo chake, usibebe boga kwa kikonyo, kikikatika hapo ndo mlango wa kuoza. Yakiwa kwenye matope yatoe yalivyo, yafute, yapange tabaka moja juu ya paleti ndani ya banda la plastiki, washa feni, siku saba hadi kumi za joto, ngozi ikikauka peleka stoo kavu ya nyuzi 10 hadi 13 (50 hadi 55). Aina ya acorn haihitaji hiyo wiki ya joto na haikai sana, wape wanachama mapema. Barafu nyepesi inaua majani tu ila ikija kali inaingia kwenye boga lenyewe, na usiku mwingi mfululizo chini ya nyuzi 10 unapunguza maisha yake stoo hata kama kwa macho huoni kitu.

Vitunguu kama bado viko nje Septemba na mvua inakuja vitoe tu, hata kama majani hayajalala yote, vitandaze juu ya wavu ndani ya banda na feni hadi shingo ikauke, inaweza kuchukua wiki mbili hadi nne. Nyanya chungu, bilinganya, bamia na hoho chuma zote kabla ya barafu, hazina mjadala.

Viazi mviringo vina mambo yake. Fyeka majani wiki mbili hadi tatu kabla ya kuchimba, ganda linakomaa na halichubuki, na kama bakajani ilipita shambani hizo wiki mbili zinasaidia vimelea vilivyo kwenye majani vife kabla hujafunua viazi. Chimba udongo ukiwa mkavu kiasi, usivioshe vya kutunza, na kama vimetoka na tope bichi vitandaze mahali pa giza upulize feni hadi tope likauke lidondoke lenyewe. Vikae kama siku kumi hadi kumi na nne kwenye nyuzi 10 hadi 15, alafu teremsha hadi nyuzi 3 au 4 (38 hadi 40).

Vinavyoweza kusubiri mvua

Karoti, bitiruti, sukuma wiki na kabichi nyingi usiziogopee, hizi ndo zitakujazia boksi siku ambayo mbingu zimefunguka. Karoti na sukuma zikipigwa na barafu kidogo zinakuwa tamu zaidi, mmea unaongeza sukari kujikinga na baridi. Stoo ya karoti, bitiruti na kabichi inataka baridi karibu na nyuzi 0 (32) na unyevu mkubwa wa asilimia 95 na zaidi, kwahiyo karoti yenye unyevu kidogo haina shida, kinachokatazwa ni kung'oa kwenye uji wa matope. Tumia uma wa bustani kulegeza udongo kwanza, ukivuta kwa nguvu kwenye tope zito unabaki na majani mkononi.

Kabichi iliyokomaa ikipata mvua ghafla inapasuka. Dawa yake ni ndogo, kamata kichwa ukizungushe robo mzunguko au chomeka koleo upande mmoja wa shina ukate sehemu ya mizizi, maji yanapungua kupanda na kabichi inakusubiri wiki nyingine moja au zaidi. Nashangaa watu wengi hawaifanyi hii.

Maharage machanga usiyaguse yakiwa yamelowa, magonjwa yanatembea na mikono na nguo zako kutoka mche hadi mche. Hata kabichi, brokoli na sukuma kama zina mabaka meusi au ya njano yenye umbo la pembe tatu ukingoni mwa jani, subiri majani yakauke ndo upite, na anzia upande wenye mimea mizima umalizie kwenye migonjwa. Letusi na spinachi za boksi la wiki hii unaweza kukata kwenye mvua, zitaoshwa tu, ila zilizoganda barafu alfajiri ziache hadi saa nne au tano asubuhi ziyeyuke zenyewe, ukizishika zikiwa zimeganda zinanywea na kuwa kama zimepikwa.

Udongo wenyewe

Kabla ya kuingiza trekta au hata rotovata ndogo chukua udongo kiganjani, kutoka chini kama sentimita kumi hadi kumi na tano, ufinyange uwe donge, alafu ubonyeze kwa kidole gumba. Ukimeguka, ingia. Ukibaki donge linang'aa au ukaweza kuusokota kama utepe, toka, funga trekta, rudi nyumbani. Udongo ukishindiliwa ukiwa umelowa hasara yake unaiona miaka inayofuata, maji hayapiti, karoti zinatoka zimepinda na mizizi inaishia juujuu, na kwa sisi wenye ekari mbili hatuna sehemu nyingine ya kuhamia. Najua unapata shida, mwanachama anakuja kesho na viazi viko chini, lakini chimba kwa uma kiasi cha boksi tu ukiwa umesimama kwenye njia, tuta lenyewe usilikanyage.

Njia kati ya matuta zimwagie chipsi za mbao, kampuni za kukata miti mara nyingi wanakupa bure maana wao wanalipa kwenda kuzitupa. Nyasi kavu au majani ya miti yaliyokusanywa mjini pia yanafaa. Matuta yenyewe yainue sentimita 15 hadi 20 na yasihame kila mwaka. Toroli kwenye matope linazama, hapa wakulima wa huku wana mbinu nzuri ya kutumia yale masleji ya plastiki ambayo wavuvi wa kwenye barafu wanaburuzia vitu vyao, unapanga kreti tatu nne unavuta kwa kamba, yanateleza juu ya tope bila kuchimba mtaro.

Na mwili wako je? Mvua ya nyuzi 6 au 8 haina mchezo, ukilowa ndani ya saa moja vidole havifanyi kazi na kisu kinakuwa hatari. Nunua ovaroli nzito ya mvua kama wanazovaa wavuvi wa kambakoche wa Maine, gambuti, na soksi za sufu, pamba ikilowa inakunyonya joto. Glavu jozi mbili ili moja ikauke wakati unatumia nyingine, chai ya tangawizi kwenye chupa, na radi ikilia toka shambani usirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kuosha

Siku za matope kazi ya kuosha inakuwa mara mbili, ipangie muda. Mizizi iweke kwenye meza ya wavu uipulizie maji tope kubwa lishuke kwanza ndo iingie kwenye beseni, ukianzia kwenye beseni maji yanakuwa uji baada ya kreti mbili. Maji yawe ya kunywa, kisima kiwe kimepimwa, badilisha mara kwa mara. Majani yaliyooshwa lazima yakauke kabla ya mfuko, mashamba mengi madogo wanatumia mashine ya kufulia ya zamani sehemu ile ya kukamua tu, wanatia majani kwenye mfuko wa wavu yanazungushwa maji yanatoka. Inafanya kazi vizuri sana, ila iwe ya mboga tu, isafishe ndani kila siku na usirudi kufulia soksi humo. Chini ya sehemu ya kuoshea weka kokoto na mtaro wa kutoa maji, la sivyo hadi Oktoba una bwawa.

Maji ya mto yakifika shambani

Hapa sitaki tubishane. Maji ya mvua yaliyotuama shambani kwako ni jambo moja, hayo yanashuka, unachagua vilivyo vizima na kuosha. Maji ya mto au mtaro yaliyofurika yakaja juu ya mboga ni jambo jingine kabisa, yamebeba vinyesi, mafuta ya magari na kemikali za kila aina, na msimamo wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ni kwamba zao ambalo sehemu yake ya kuliwa imeguswa na maji hayo haliuzwi. Hata ukiliosha. Hata karoti iliyokuwa chini ya udongo. Usimpe mwanachama, usipeleke kwa wenye njaa, usiwape watoto wako.

Vermont wamelijua hili kwa maumivu, kimbunga Irene tarehe 28 Agosti 2011, mafuriko ya usiku wa Halloween 2019, alafu Julai 2023 na Julai 2024 tarehe zilezile za 10 na 11. Pale Intervale, Burlington, kuna mashamba ya wanachama yako kwenye uwanda wa mto kabisa, udongo ni mzuri sababu ni mto ulioleta, na mto huohuo unarudi. Ukilima sehemu kama hiyo panda mazao ya kutunza kwenye matuta ya juu na vuna mapema kuliko wenzako wa mlimani.

Yakikukuta piga picha kabla hujagusa kitu, andika tarehe na ukubwa wa eneo, na wahi ofisi ya FSA ya kaunti yako, hiyo ni idara ya serikali inayohudumia wakulima. Kama ulijiunga na mpango wao wa NAP, ule wa kufidia mazao yasiyo na bima, mazao yanayovunwa kwa mkono wanataka taarifa ndani ya saa 72, na kujiunga kunafanyika kabla ya msimu, kwahiyo nenda kipindi cha baridi ukaulizie, omba mkalimani wa Kiswahili kama unahitaji. Kwa mambo ya lini unaweza kupanda tena na udongo upimwe nini, piga kwa watu wa ugani wa chuo kikuu cha jimbo lako, mara nyingi wanakuja hadi shambani bila kutoza.

Wanachama

Wakulima wetu wengi wanaficha hapa kwa aibu, wanajaza boksi kwa kukopa mboga kwa jirani bila kusema. Usifanye hivyo. Mtindo huu ulipoanza Marekani 1986 kwenye mashamba mawili, Indian Line kule Massachusetts na Temple-Wilton kule New Hampshire, msingi wake ulikuwa kwamba anayekula na anayelima wanabeba mwaka mzuri na mwaka mbaya pamoja. Mwanachama amelipa mapema, anastahili kujua. Mtumie ujumbe siku mbili kabla ya kuchukua, sentensi chache na picha: wiki hii mvua imepasua nyanya, utapata kabichi mbili na bitiruti, viazi vinasubiri udongo ukauke, karoti usizioshe hadi siku ya kupika. Maelezo ya kutunza ni muhimu hasa kwenye mwaka wa unyevu, letusi iliyovunwa kwenye mvua mwambie aile siku mbili tatu za mwanzo.

Weka meza ya kubadilishana, asiyetaka bitiruti aziache achukue sukuma. Maboksi ya karatasi yakilowa yanapasuka chini, tumia kreti za plastiki na waambie waje na mifuko yao. Kama sehemu ya kuegesha magari ni nyasi, mwaga kokoto mapema au hamisha zoezi lifanyike kanisani au msikitini mjini, gari la mwanachama likikwama matopeni ndo utatumia trekta siku ambayo hukutakiwa kuitumia. Na wale wanaolipa kwa SNAP, msaada wa serikali wa kununua chakula, kumbuka sheria yao ni tofauti, hairuhusiwi kuwatoza zaidi ya siku 14 kabla hawajachukua mboga, kwahiyo wiki ukiahirisha boksi usitoze hadi uwe na uhakika.

Kufunga shamba

Kila tuta linapobaki wazi lisikae uchi likisubiri mvua ya Novemba. Oti na njegere unapanda mwisho wa Agosti au mwanzoni mwa Septemba zinakufa na baridi zinaacha matandazo, ukichelewa panda rai (nafaka wanayoiita rye), hiyo inaota hata udongo ukiwa na nyuzi 1 tu, na hadi katikati ya Oktoba bado unawahi. Kitunguu saumu kinaingia kati ya katikati ya Oktoba na mwanzo wa Novemba, punje moja moja sentimita 15 kati yake, juu funika na nyasi kavu kama sentimita 10. Kisiende kwenye tuta linalotuamisha maji, kitaoza kabla ya masika.

Kwahiyo siku mvua kubwa inaponyesha na huna cha kuvuna, vaa ovaroli uzunguke shamba, na kila mahali maji yamesimama chomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Mvua ikiisha chora ramani kwenye daftari kabla hujang'oa vijiti. Kwenye matuta hayo mwakani weka letusi, figili na mchicha wa mwanzo vinavyotoka kabla ya Agosti, na viazi vitamu, vitunguu na maboga vihamishe juu.